Kola ya Mama Philomène Haifungi

Mpendwa Tantine Benie,

Nakuomba msaada nikiwa ofisini hapa Makiso, nimefunga mlango kwa ufunguo, maana jambo lenyewe ni la aibu na mwanaume hawezi kulisema mbele ya wenzake, na tafadhali unijibu kabla ya Jumamosi, sababu utaiona mbele.

Mke wangu Philomène ana miaka arobaini na saba, ni mwalimu wa darasa la tatu, tumeoana miaka ishirini na sita na sijawahi kumlalamikia kwa mtu, lakini tangu Pasaka ménopause, kule kukoma hedhi, imemwingia na imemharibu kabisa, hedhi yake imekuwa ya kurukaruka, mwezi huu matone, mwezi ujao hakuna kitu, na yeye ambaye alikuwa mpole sasa anafoka kwa sababu ya kifuniko cha sufuria, analia kwa sababu ya wimbo wa redio, anafungua madirisha yote mvua ikinyesha, anasema anaungua, na mimi ninayeishi naye ndiye ninayepata mafua.

Acha nikwambie yote ili uone ninavyoteseka, maana huyu mwanamke anakula lituma, ndizi zile za kuponda, sahani mbili na samaki juu yake, halafu anamaliza na mabaki ya watoto, lakini sketi zinamwanguka, mpaka majirani wa kwetu Tshopo wanasema simlishi, na wengine wanasema ana ule ugonjwa ambao watu hawautaji, na aibu yote inanirudia mimi, na mikono yake inatetemeka hata akiandika ubaoni watoto wanamwuliza kama hii ni m au ni n, na chooni anakwenda mara nne kabla ya saa sita mchana, na mwezi uliopita tulichukua toleka mbili, zile baiskeli za abiria, kwenda mjini, tukiwa katikati ya njia akaomba baiskeli isimame, akashuka, akashika kifua, anahema kama aliyepanda mlima, na yule mwenye toleka akaniuliza mbele ya watu wote, "Papa, ni miye niko napiga pédale, alors juu ya nini mama ndiye anachoka?" watu wakacheka, nikaona nife.

Sasa binti yetu Naomie anafunga ndoa mwezi ujao, na mamans wote wa familia wamenunua kitenge kimoja cha sare, libaya, ile blauzi yenye kola ya kufunga kabisa hapa kooni, kazi tukampa Rachida, mama mmoja wa Maniema anayeshona kwenye kona yetu, na libaya za wote zikatoka vizuri isipokuwa ya Philomène, kola haifungi, ikarudishwa, ikafunguliwa, ikashonwa tena, haifungi, basi nikaenda mwenyewe nikamwambia Rachida mbele ya wateja wake kwamba amekula kitambaa chetu, naye bila hata kunyanyuka akatoa daftari lake la vipimo akanionyesha, Januari shingo thelathini na nne na kiuno themanini na sita, leo shingo thelathini na nane na kiuno sabini na saba, akasema, "Mètre yangu haisemake uongo, papa. Shingo ya mama iko naongezeka, kiuno iko napunguka. Mumuangalie mama," nikamwambia ashone nguo, mambo ya miili ya watu awaachie wenyewe.

Ndipo tukaita kikao cha familia, na dada yangu mkubwa, Yaya Chimène, ambaye yeye alipita ménopause miaka kumi iliyopita kwa hiyo anaijua vizuri, akasema, "Bon, ni ménopause tu. Miye pia nilipita pale pale. Aende kwao, apumuzike, atarudia muzuri," na sote tukakubali kwamba Jumamosi nimpandishe baleinière, ile boti ya mbao ya kushuka mto, aende Yanonge kwa dada yake ambako kuna mama mwenye mizizi ya kupoza damu, akae huko mpaka iishe, na kwa kuwa harusi haiwezi kungoja, Yaya Chimène atakaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi ili wageni wasione ile mikono inavyotetemeka.

Nilitegemea Philomène apige kelele lakini hakupiga, alisema tu, "Hilaire, moto ya wenzangu inakuja na inaenda. Ya kwangu inakaa. Munipeleke kwanza hospitali," nikamjibu kwamba hospitali haitibu umri, na tangu siku hiyo hasemi na mimi, ameikunja ile libaya yake akaiweka chini kabisa ya sanduku. Tantine, ménopause huchukua miezi mingapi, na je, nimlipie safari ya kwenda tu au na ya kurudi pia?

Papa Hilaire, mume anayeteseka,
Commune ya Tshopo

*

Papa Hilaire, mume unayeteseka,

Pole sana. Mke wako anakonda, anatetemeka, moyo unamkimbia, shingo inavimba, na mafua umepata wewe. Kweli dunia haina haki. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomshika mkono ukahesabu mapigo ya moyo wake. Sikupaona. Nimeona tu mahali ulipohesabu madirisha.

Mimi nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na hata hivyo siwezi kutaja ugonjwa wa mtu ambaye sijamgusa, ingawa naona katika familia yenu hiyo ni kazi nyepesi, inamalizwa katika kikao kimoja na chai. Lakini ulichoniandikia, papa, si malalamiko ya mume. Ni barua ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari, imekamilika, imekosa muhuri tu. Umekusanya dalili zote moja baada ya nyingine, kwa bidii ambayo madaktari vijana wangeionea wivu, halafu ukaenda kuulizia baleinière.

Sikiliza. Mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, kila mtu ana tezi ndogo, Wafaransa wanaiita thyroïde. Hiyo ndiyo inayopanga mwendo wa mwili. Ikizidisha kazi, kila kitu kinakwenda mbio: moyo, tumbo, mikono, hasira. Mtu anatoa jasho, analala vibaya, analia ovyo, hedhi inapungua na kurukaruka. Na kukoma hedhi pia huleta joto, jasho, usingizi mbaya, machozi na hedhi ya kurukaruka. Magonjwa huvaa sare kama mamans wa harusi yenu, na ukiwaona kwa mbali wote ni kitenge kimoja. Kwa hiyo kosa la kwanza nakusamehe, hata wenye vyeti hulifanya. Shida ni kwamba wewe uliambiwa ukweli mara tatu, na watu watatu, na mara zote tatu hukusikia.

Wa kwanza alikuwa mwenye toleka. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma baiskeli, mama amekaa nyuma, halafu mama ndiye anayehema. Akakuuliza swali ambalo daktari yeyote angeliuliza, na bila kukutoza kitu. Moyo wa mwanamke anayekoma hedhi unaweza kustuka na kudunda wakati joto linapompanda, sikatai. Lakini mtu ambaye moyo wake unakimbia akiwa amekaa, na mikono inatetemeka, na choo mara nne kabla ya mchana, na anakula kwa wawili huku sketi zinamwanguka, huyo usimpe umri wake kuwa jibu. Wanawake wengi wanaokoma hedhi huongezeka kiuno, na mimi ni shahidi, waulize waliokaa nami kwenye benchi moja kanisani.

Wa pili ni Rachida. Papa Hilaire, huyo mama amekuwekea kumbukumbu ya mgonjwa wako tangu Januari, kwa tarehe na kwa sentimita. Sentimita nne shingoni. Ménopause haivimbishi shingo ya mtu, hata Yaya Chimène akiapa. Na wewe, mtu wa ofisi, mtu wa makaratasi, ulionyeshwa daftari lenye ushahidi, ukasema amekula kitambaa. Tangu lini kitambaa kikiliwa na fundi kinanenepea shingoni mwa mteja?

Na wa tatu ni mke wako mwenyewe. "Moto ya wenzangu inakuja na inaenda. Ya kwangu inakaa." Hapo niliiweka barua yako chini kwanza, maana nilisikia uchungu. Sisi tulifundishwa tofauti hiyo kwa wiki nzima darasani, na huyo mwalimu wa darasa la tatu ameisema kwa maneno machache tu. Joto la kukoma hedhi hupanda ghafla, likakaa dakika chache, likashuka, mtu akaomba shali yake. Joto la tezi hukaa nawe asubuhi mpaka jioni. Alikwambia. Akakuomba hospitali kwa upole, akiwa na mwili unaowaka. Ukamjibu kwa methali ya kujitungia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ninyi hamkuficha, hilo lazima nikusifu. Mmeyatangaza mpaka kwenye kikao, ila kwa jina lisilo lake.

Sasa usirudi nyumbani ukitangaza kwamba Tantine Benie amesema si ménopause. Sikusema hivyo. Kwa miaka yake anaweza kuwa na vyote viwili, kimoja kimejificha nyuma ya kingine. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu, na kipimo hakina dada mkubwa wa kukishauri. Na ili Yaya Chimène asijione ameachwa, mwambie tezi hiyo hiyo inaweza pia kulala usingizi. Hapo mama husikia baridi wakati wengine wanajipepea, ananenepa bila kula, anavimba uso, choo kinagoma, anasinzia mchana, na familia inasema ni umri. Yeye naye akipimwa hatakufa.

Jumamosi baleinière iondoke bila mke wako. Kesho asubuhi, kabla hajasimama kupika chochote, akae kimya dakika tano, umshike kifundo cha mkono, uhesabu mapigo dakika nzima kwa saa, uandike. Yakipita mia moja mtu akiwa amekaa, hata kazini usiende. Na hata yasipofika mia, siku hiyo hiyo mpeleke hospitali kubwa ambako kuna daktari wa magonjwa ya ndani, aguswe shingo, asikilizwe moyo, na muombe kipimo cha damu kiitwacho TSH pamoja na homoni za tezi. Maabara ya pale ikiwa haina, muulize damu inapelekwa wapi, na msiondoke bila jibu la swali hilo. Mizizi ya Yanonge ibaki Yanonge. Asinywe matone ya iodini ambayo jirani atawaletea kwa sababu ameona shingo, yanaweza kuwasha moto zaidi. Akipata maumivu ya kifua, au akishindwa kupumua akilala, au homa kali na kuanza kuchanganyikiwa, hapo hamngoji asubuhi wala kikao.

Na mbele ya daktari aseme mwenyewe. Wewe kaa pembeni, unyamaze. Najua ni vigumu.

Ugonjwa huu, ukiwa ndio wenyewe, una dawa. Ni vidonge, na wengi huanza kupata nafuu baada ya wiki chache, kisha damu inapimwa tena na tena. Sitakuahidi kwamba mikono itakuwa imetulia siku ya harusi. Ikitetemeka, itetemeke. Ni mikono iliyomlea bibi harusi, wageni wataizoea.

Kabla ya hospitali utapita kwa Rachida. Utamwomba msamaha mbele ya wateja, kwa sababu ulimtukana mbele ya wateja, halafu utamwomba kwa adabu akuazime lile daftari umpelekee daktari. Na ile libaya iliyo chini ya sanduku, mpelekee aifungue shingo na kuishona kola wazi. Maman mmoja mwenye kola wazi katikati ya sare ataonekana kwa mbali, na ndivyo inavyotakiwa, maana huyo ndiye mama wa bibi harusi na kiti ni chake. Yaya Chimène tumshukuru kwa kujitolea kukikalia. Nimeona kwamba kati ya tiba zote za ménopause, alichagua ile inayompa kiti.

Umeniuliza ménopause huchukua miezi mingapi. Nakujibu kwamba cha kuhesabu si miezi, ni mapigo. Moyo wa Philomène unakimbia tangu Pasaka huku yeye amekaa, na hakuna moyo unaokimbia hivyo bila kuchoka siku moja. Mpeleke kesho, na nauli ulipe ya kwenda na ya kurudi.

Tantine Benie