Baba, Aya ya Mwisho Hukuiandika

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono wangu haujui kuanza barua kwako kwa namna nyingine.

Jana niliitoa kabatini ile taipureta yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukiipiga pale barazani Mchafukoge, ukiwachapia watu hati za mahakamani, wamekuzunguka na shida zao, nami nikitoka shule nakaa pembeni kukusomea rasimu? Mama mmoja alisimulia alivyofukuzwa nyumbani na mashemeji zake mpaka akalia. Ulimwacha amalize, kisha ukamuuliza, "Sasa mama, unaiomba mahakama nafuu gani?" Alikutazama kama umemtukana. Ukamweleza taratibu kwamba hakimu hampi mtu asichokiomba, hata alalamike kurasa kumi. Aya hiyo ya mwisho, ya maombi, hukumwachia mtu mwingine aichape.

Nilipofungua duka la mapazia Kariakoo nikatundika kibao, "Bei Nafuu". Ulikisoma, ukavua miwani. "Nafuu kwa nani? Kwako au kwa mnunuzi?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kisha ukaugua. Nikawa nakupigia kila asubuhi kutoka dukani, wewe umelala chumbani kwako Ilala.

"Unaendeleaje, baba?"

"Nafuu kidogo, mwanangu."

Kila siku nafuu kidogo. Wagonjwa wetu wote hujibu hivyo, ni adabu tu ya kutomtia mtu hofu, na mimi nalijua hilo tangu utotoni. Lakini lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, mji mzima unabadilisha mapazia kwa ajili ya Idi, na jibu lako lilinifaa. Nilimshukuru Mungu, nikakata simu, nikaendelea kupima vitambaa.

Siku moja ukaongeza, "Ukipata nafasi, pitia."

Nikasema, "Idi mosi, baba. Nitashinda na wewe."

Ukasema, "Haya." Kutoka dukani mpaka kwako ni mwendo wa miguu tu. Idi mosi nilifika na bakuli la pilau, bado ya moto, nikawakuta majirani wanatandika mikeka ya msiba nje.

Naona aibu, baba. Ulifundisha watu wazima kuomba waziwazi, wewe mwenyewe hukujua kujiombea. Na mimi niliyezisoma rasimu zako zote sikuitambua aya yako ya mwisho. Ilikuwa na maneno matatu: ukipata nafasi, pitia.

Siku hizi watu wakiniuliza hali nasema nafuu kidogo, nao wanamshukuru Mungu na kwenda zao. Siwalaumu.

Taipureta nimeiweka juu ya kaunta. Leo nimechapa aya moja: naomba asubuhi moja ya Ramadhani ile, duka limefungwa, nimekaa kando ya kitanda chako. Karatasi nimeiacha humo humo kwenye mashine. Sijui pa kuipeleka.

Pumzika, baba.

Binti yako,
msomaji wa rasimu zako