Baba, Nimejifunza Kuuliza Njia

Mpendwa baba,

Assalamu aleikum. Sisi huku Makongeni tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ulimi wake haujapungua nguvu, na wewe unaujua. Tangu tulipokuzika miezi minne iliyopita, nyumba hii imekuwa na neno moja tu: mimi nasema nakwenda Ujerumani kusomea uuguzi, mama anasema siendi. Ungekuwepo ungejifanya umesinzia, huku unasikia kila kitu.

Unakumbuka nilivyoanza? Nilikuwa nimepata kazi ya kusafisha zahanati kwenye shamba la kahawa kule Ruiru, kwa Sista Hilde, muuguzi wa Kijerumani. Siku nilipokuambia hivyo ulisimama wima kana kwamba umeitwa.

"Kijerumani mimi nakijua," ukasema.

Mama alicheka mpaka akauweka chini ungo wa mchele. Wewe hukujali. Ulinisimamisha njiani mbele ya nyumba ukaanza kunguruma: "Geradeaus!" nami nikaenda moja kwa moja. "Links um!" nikageuka kushoto. "Rechts um!" kulia. Nikikosea, tulianza upya. Nyina wa Wanjiku, jirani yetu, alitoka na sufuria mkononi.

"Baba Mwanaisha, hiyo ni rugha gani? Unapereka huyu msichana vita?"

"Nampeleka kazini," ulimjibu. "Na wewe sogea, usije ukakanyagwa."

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, Waingereza wakimshuku kila mtu, na kupiga mguu kijeshi barabarani halikuwa jambo la mzaha, kwa hiyo siku ya tatu mama alituhamishia uani.

Nilipomwonyesha Sista Hilde ujuzi wangu alishika kiuno, akaniuliza nani amenifundisha kuwafokea watu. Kijerumani chako, baba, kilikuwa cha kuamrishwa. Basi akaanza kunifundisha kile cha kuombea njia. Ruiru haikuwa na mitaa ya kutosha kufanyia mazoezi, akaigeuza mistari ya kahawa kuwa mitaa. Mstari wa tatu kushoto ulikuwa stesheni, wa tano kulia kanisa, na mti mkubwa mwisho wa shamba ndio hospitali. Nilitakiwa kumsimamisha na kumwambia, "Entschuldigung, wo ist der Bahnhof, bitte?" Samahani, stesheni iko wapi, tafadhali? Naye anajibu, "Gehen Sie geradeaus, dann die dritte Straße links." Hapo niende moja kwa moja, kisha niingie mtaa wa tatu kushoto, wavunaji wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Tulipobadilishana, yeye aulize nami nielekeze, niliharibu. Nilimwambia aende hapo mbele tu, karibu na yule mama mwenye mbwa mweusi, akifika aulize tena. Kisha nikamshika mkono nimsindikize. Akakataa. Kwao, akasema, ukishaelekeza umemaliza, mwache mtu aende zake. Nikamwambia kwetu mgeni haachwi njia panda. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hadi leo naona mimi ndiye niliyesema kweli.

Jumamosi ile nilipotoka kazini nilikusomea swali langu kwa majivuno. Wo ist der Bahnhof? Nilidhani utafurahi. Kushoto ulikujua na kulia ulikujua, lakini hilo wo ist lilikuwa geni kwako.

"Maana yake iko wapi," nikakufasiria. "Ni kuuliza."

"Miaka mitatu niliwafuata Wajerumani," ukasema. "Askari haulizi."

Ndipo ukaanza kusimulia. Walikuchukua kijijini kwenu, kusini kule Tanganyika, ndevu hazijaota, bibi, mama yako, akiwa shambani hana habari. Mkatembezwa mkigeuzwa kushoto na kulia, na hakuna aliyewaambia mnakwenda wapi, mpaka Waingereza walipowakamata wakawaleta huku. Vita vile vya kwanza vilipokwisha ulipata kazi ya mkonge hapa Thika. Hayo tulikuwa tunayajua. Yaliyofuata hata mama alikuwa hajayasikia. Ulisema ungeweza kurudi. Wachuuzi waliotoka pande za kwenu walikuwepo, ungewauliza. Lakini uliona haya. Mwanamume mzima, na kofia yake kichwani, amuulize mtu njia ya kwa mama yake! Ukaahirisha mwaka baada ya mwaka. Siku ulipopata moyo wa kuuliza, mchuuzi alikuambia bibi amekwisha kufa, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akiwasimamisha wapita njia awaulize kama wamekuona.

Ulilia, baba. Nilikuonea huruma na nikakukasirikia, yote kwa pamoja. Nikaapa moyoni kwamba mimi haya hiyo sitaibeba.

Basi Sista Hilde amenipatia nafasi katika hospitali ya mji wa kwao. Nilipomwambia mama, hata hakuinua kichwa.

"Baba yako naye aliondoka kwao," alisema. "Bibi yako akangoja mpaka akaingia kaburini. Mimi sitangojeshwa hivyo."

Alisema kweli. Lakini kubaki nilikuwa sibaki. Nilikwenda kwa Sista nikamwambia tuachane na kwenda stesheni na kwenda kanisani, anifundishe njia ya kurudi. Akasema watu hujifunza kwanza kufika. Nikamwambia mimi naanza na kurudi. Mji ule anaujua nyumba kwa nyumba, kwa hiyo wiki nzima tuliikata mistari ya kahawa kutokea kwenye ule mti: kutoka mlango wa hospitali kushoto, vuka daraja, kulia, moja kwa moja hadi stesheni, treni ya kwenda bandarini, meli, Mombasa, treni tena, Ruiru, Thika, mlango wetu.

Kila asubuhi mama akiosha vyombo nilisimama karibu naye nikaisema njia hiyo kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili. Siku za kwanza aligonganisha masufuria makusudi asinisikie. Sikuacha. Siku ya nne nilijikwaa, akageuka na povu mikononi.

"Jana baada ya daraja ulisema rechts."

Ni kweli, leo nilikuwa nimesema links. Nilimtazama, akarudi kwenye vyombo vyake. Kuanzia hapo hakuniacha nipite na kosa hata moja, mwanamke asiyejua kuandika jina lake.

Jana nilifika mlangoni petu bila kukosea. Mama alikausha mikono, akaingia ndani, akavuta sanduku lako kutoka chini ya kitanda. Alitoa nguo zako moja moja, akazikunja, akaanza kupanga zangu. Nilitaka kumshukuru, akanizuia kwa mkono.

"Na ukisahau njia," alisema bila kunitazama, "usione haya. Uliza."

Nakwenda Jumatatu, baba. Mungu akulaze pema.

Ni mimi binti yako,
Mwanaisha