Kengele Yenye Pengo

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia kifua? Nauliza kwa mazoea, maana Padre anasema huko hakuna kukohoa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakuchemshia majani ya mkaratusi, na nisipokuulizia mimi sijui atakuulizia nani.

Sisi hapa Hirbadaw kwa mwili hatujambo. Mkeo yupo, magoti tu yanamsumbua, na bado hataki mtu akalie kiti chako. Regina anakusalimu. Ngano ya serikali imeiva, ni njano kuanzia nyuma ya kanisa mpaka macho yanachoka, na mashine za kuvuna zimeshafika. Nakuandikia leo Jumapili mchana kwenye daftari lako la wakatekumeni, lile la wanaosomea ubatizo, kurasa za mwisho zilizobaki wazi. Nisamehe. Kesho asubuhi mume wangu ameitwa ofisini kule shambani, na sijui atarudi bado akiwa dereva wa trekta au akiwa mtu wa kukaa nyumbani. Tena kuna jambo la kanisa nataka uniamulie. Nitaeleza tangu mwanzo, na usinikatize kama ulivyozoea.

Ulipofariki, Padre alitangaza kwamba Jumapili zile asizofika yeye niongoze ibada mimi, mpaka apatikane katekista mwingine. Najua ni wewe uliyemwambia. Ungenidokeza basi! Mzee Karoli, mwenyekiti wetu wa kigango, alisimama akasema, "Haya, na sisi wanaume tutaanza kufunga vitambaa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini ilinichoma. Sauti yangu unaijua, haifiki mlangoni. Na ile rimu ya lori uliyokuwa unagonga kuita watu ilipasuka mwezi ule ule tuliokuzika, ikawa inalia kama sufuria. Watu wakaanza kuchelewa. Nikiwauliza wananijibu, "Tungejuaje kama umeanza, Mama Regina?"

Ndipo Baba Regina akaleta diski. Ni ile sahani kubwa ya chuma inayokata udongo nyuma ya trekta. Ilikuwa imemegeka ukingoni, ina pengo kama la jino, wakaitupa karakana naye akaiomba. Aliitundika mwenyewe kwa mnyororo kwenye ule mgunga wa mlangoni.  Alisema tu, "Hii itakusaidia."

Mwalimu, ililia! Watu wa njia ya Masakta walisema wameisikia. Nilijiona nimekuwa mtu. Nakiri kwako kabla ya kwenda kwa Padre, nilikuwa naigonga zaidi ya inavyotakiwa.

Jumapili ile ile ya kwanza alikuja Bibi Marta na watu wake. Bibi Marta wako, yule mama wa Kibarbaig uliyemfundisha miaka mitatu kwenye zizi lake, mpaka akabatizwa yeye na wanawe na wakwe zake wote. Nilimwona kwa dirisha. Alifika chini ya mgunga, akainua uso, akaitazama kengele kwa muda mrefu. Kisha akageuka, na watu wake wote wakageuka naye. Nikadhani labda kuna mgonjwa kwao.

Jumapili ya pili mabenchi ya kushoto yalikuwa matupu. Ya tatu vile vile. Mzee Karoli akasema, "Mang'ati ni watu wa kuhama, wamefuata majani." Neno hilo, Mang'ati, la kuwadharau Wabarbaig, ulilikataza humu ndani. Ulikuwa unasema anayelihitaji aliache nje pamoja na fimbo yake. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nafikiria kengele yangu.

Wiki ya nne nikaenda kwao. Bibi Marta alinipokea vizuri, akanipa maziwa kwenye kibuyu, akaniuliza habari za magoti ya mkeo. Nikamuuliza kwa nini hawaji. Alifungua fundo la nguo yake, akatoa kipande cha chuma kidogo kama nusu ya kiganja, kina kutu. Akasema, "Twende kanisani kwako."

Tukaenda kwa miguu. Alipofika chini ya mgunga akanyosha mkono, akakiweka kile kipande kwenye pengo la diski. Kikaingia, Mwalimu. Kikakaa kama hakijawahi kutoka.

Ndipo akaniambia. Siku trekta lilipopita juu ya kaburi la baba yake, walisikia wakakimbilia kule. Walikuta lile kaburi refu la udongo na miti limelala chini, udongo umegeuzwa, na kile kipande kiko juu. Walinzi wakawafukuza. Waliporudi baadaye ngano ilikuwa imeota, pote panafanana, hawakujua tena pa kusimama. "Sasa kila Jumapili chuma hicho kinaniita nije nisali," alisema. "Nitakuja vipi?"

Nikamwambia tutamlipa. Nilisema tu kitu cha kusema. Akanikatiza: "Sitaki fidia. Sitaki ng'ombe wa mtu. Aliyelima anionyeshe mahali."

Kaburi lile ulilijua. Siku ya kumaliza kulijenga tulikwenda mimi na wewe, nimebeba asali, wewe umevua kofia toka mbali. Padre alipokuuliza kwa ukali, "Katekista, umekwenda kwenye makaburi ya wapagani?" ulimjibu, "Nilikwenda kuzika, Padre. Si iko kwenye katekisimu, matendo ya huruma?" Akaomba chai. Basi mimi niliyefika pale kwa miguu yangu, nisingeweza kupaonyesha tena. Hakuna mti, hakuna kichuguu, ni ngano tu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Baba Regina anakula. Nikamuuliza, "Ile diski ilivunjikia wapi?" Akaacha tonge kwenye sahani. Nimeishi naye miaka ishirini, sijawahi kumwona akiacha tonge.

Alisema waliambiwa wanyoshe mstari, wasizunguke kitu, asiyenyosha aache trekta. Akanyosha. Chuma kikagonga kitu, kikamegeka, akashuka akaona alichokifanya. Tangu hapo, kila msimu akifika pale ananyanyua plau, anapita hatua kama kumi hewani, kisha anaishusha. Msimamizi alishamgombeza, akasingizia jiwe. Na ile diski hakuiomba kwa sababu ya rimu yako iliyopasuka. Alisema, "Niliona ikiita watu wa Mungu, itatakata." Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo.

Nikamwambia anachotaka Bibi Marta. Akasema hapana. Kuingiza wafugaji kwenye ngano ni kosa kubwa kule, na dereva akiwaingiza ndiyo kabisa. "Nikifukuzwa Regina atasoma kwa kitu gani? Kwa maombi yako?" Hatukusemezana siku tatu. Nilikuwa namwekea chakula kama mgeni.

Jumapili iliyopita sikugonga kengele. Nilisimama mbele, nikafungua kitabu, nikafika mahali pa kusema tupeane amani, nikashindwa. Nilitazama yale mabenchi ya kushoto. Nikasema, "Ndugu zangu, leo siwezi kuendelea. Kosa liko nyumbani kwangu." Nikaenda kukaa nyuma na watoto. Mzee Karoli akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwanamke akipewa kanisa, hata chuma kinamshinda." Nikaona Baba Regina ananyanyuka, anatoka. Nikajua nimemwaibisha mbele ya watu, na nyumba yangu nayo sasa imekwisha.

Nilipotoka nilimkuta chini ya mgunga, kofia mkononi. Akasema, "Nenda kamwite huyo mama. Leo. Kabla hawajaanza kuvuna."

Tulikwenda mchana ule ule, jua la utosi, yeye mbele, Bibi Marta na wanawe wawili katikati, mimi nyuma. Ngano inafika kiunoni, inachoma mikono. Alikuwa anatembea huku anatazama mlima Hanang, kisha anageuka kutazama tangi la maji la ofisini, anasogea kidogo kushoto, anatazama tena. Ndivyo anavyopajua. Nilikuwa nasali, lakini sala zenyewe zilikuwa zinakatika. Kila upepo ukipita kwenye ngano nadhani ni mtu.

Akasimama. "Hapa."

Palikuwa kama chumba kidogo ndani ya njano, majani ya porini tu, na vipande viwili vitatu vya miti ya zamani vimelala. Bibi Marta alivua viatu. Akachuchumaa, akaweka mkono chini, akasema kitu kwa Kibarbaig, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Akamimina maziwa. Kisha akanigeukia, "Mama Regina, na wewe sema yenu."

Yenu, alisema. Na yeye amebatizwa. Nilisita, Mwalimu. Nikafikiri, baba yake hakubatizwa, na maziwa haya Padre atasema nini. Nikakukumbuka umevua kofia. Nikasema, "Raha ya milele umpe ee Bwana," na wanawe wakaitikia vizuri kabisa, kama ulivyowafundisha.  Baba Regina alikuwa amepiga magoti, ameficha uso kwenye kofia.

Bibi Marta alikichomeka kile kipande cha chuma ardhini, kikasimama. Akakiacha hapo.

Hapo ndipo mlinzi akapiga filimbi. Alikuja mbio, anahema, alipomwona Baba Regina akashangaa. "Wewe? Dereva mzima unaleta Mang'ati kwenye ngano?" Baba Regina alisimama, akafuta magoti, akasema, "Nimeleta wenye kaburi. Andika jina langu, hawa waache." Akaandika. Jana tarishi akaleta wito: Jumatatu, saa mbili, ofisini.

Sasa leo. Kengele nimeishusha, iko nyuma ya altare, nimeifunika gunia. Asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba kuita watu kama ulivyokuwa unafanya kabla ya rimu. Kwa Bibi Marta ni mbali, sikufika. Nikaanza ibada na mabenchi ya kushoto matupu. Tulipokuwa kwenye somo la kwanza nikasikia ile harufu ya moshi na maziwa. Waliingia wote, hata wale wakwe, wakajaza kushoto mpaka watoto wakakaa chini. Mzee Karoli alitazama miguu yake. Ilipofika amani, Bibi Marta alivuka kanisa lote, akampa Baba Regina mkono. Hakutabasamu. Alimpa mkono tu, akarudi kukaa.

Nilidhani nimemaliza. Lakini baada ya ibada alisimama chini ya mgunga, akatazama ule mnyororo mtupu. "Kengele iko wapi?" Nikamwambia kwa furaha kabisa kwamba nimeishusha kwa ajili yake. Akasonya. "Sisi tunakaa mbali, Mama Regina. Leo tumekukuta kwenye somo." Akaenda zake.

Basi niambie, Mwalimu. Mzee Karoli anataka itundikwe hata leo. Baba Regina anasema akiisikia tena atahama kijiji. Na mimi sijui kama Bibi Marta ametusamehe, au amechoka, au anataka tuisikie na sisi kila Jumapili, pengo likiwa wazi. Kipande chake hakitarudi. Nikiitundika, itatundikwa hivyo hivyo.

Kesho mume wangu anakwenda ofisini na shati lake la Krismasi. Nimempigia pasi. Hatuzungumzi habari ya kazi, ila leo amekula matonge yote.

Nakuaga kwa hayo. Nakuahidi mambo mawili: benchi likibaki tupu Jumapili moja nitakwenda kuuliza wiki ile ile, sitangoja ya nne, na lile neno halitasemwa tena humu ndani mimi nikiwa nimenyamaza. Mpaka nipate neno lako, nitaita watu kwa miguu. Jumamosi nitaanzia kwa Bibi Marta, ndiye wa mbali.

Uwasalimu waliotangulia, na mzee wa Bibi Marta kama uko naye karibu. Nijibu upesi, Mwalimu, tafadhali, kabla ya Jumapili.

Mwanafunzi wako,
Mama Regina