Wageni Vimefika

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kaka ameacha kukutania kuhusu mkongojo. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Niko chumba cha kuhariria hapa redioni, na nimeinuka mara tatu kuhakikisha mlango nimeufunga. Tafadhali isome mwenyewe, polepole. Usimpe kaka akusomee.

Unajua kazi yangu ni kukata na kuunga sauti za wengine. Wiki iliyopita mtangazaji wa kipindi chetu cha waandishi alikaukiwa na sauti, na mgeni, mama mmoja mtunzi wa riwaya, alikuwa amekwisha keti. Mkuu akaniamuru niingie mimi. Fundi mitambo, tunayemwita Nyaya, akanitania kwamba leo mpishi anakula mezani, nichunge tu nisimwage mchuzi.

Tulianza vizuri. Mwandishi alieleza kwamba mtu huhama lugha, lakini ile ya kwanza humfuata kama moshi kwenye nguo. Akaniuliza kama utotoni nilimsikia mtu wa namna hiyo. Nikataka kuchekesha, mama. Nikaiga: “Vikombe wamelala, wageni vimefika!” Nyaya alicheka nyuma ya kioo mpaka akashika meza. Mwandishi hakucheka. Aliuliza ni nani huyo aliyevipa vikombe utu na wageni akawafanya vyombo.

Nikajibu kwamba ni mama mmoja aliyekuwa akitufanyia kazi nyumbani.

Akaniuliza jina lake. Nikasema nimelisahau.

Akanipa pole, akisema mtu huyo alijisumbua kila siku kwa lugha ya watu ili mimi nisipate taabu darasani. Sijui alijuaje.

Nilikusudia kuikata sehemu hiyo kimya kimya. Lakini mkuu aliiwahi, akakifanya kichekesho changu tangazo la kipindi, na sasa kinapigwa kila saa. Jana kaka alinipigia simu akisema umealika majirani wote waje kunisikia Alhamisi alasiri, hata viti umeazima. Sikuthubutu kumuuliza kama tangazo mmelisikia.

Mama, hatukuwahi kuwa na mfanyakazi. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba uongo huo haukuzaliwa studioni. Siku ile uliponiletea daftari shuleni, wenzangu waliuliza wewe ni nani, nami nikawajibu maneno hayo hayo. Ulikuwa umesimama karibu na dirisha. Au labda unalijua pia, na umelibeba miaka yote bila kuniuliza.

Leo nilimwomba Nyaya aniwashie kipaza sauti. Nimesema yote, na jina lako nimelitaja zima, kama babu alivyokuita. Uongo sikuuondoa; nimeunga ukweli nyuma yake. Mkuu amenung’unika kwamba naharibu kipindi kizuri, kisha akasema kiende hivyo hivyo.

Majirani watasikia yote mawili. Usipotaka aibu yangu iwe yako mbele yao, waambie redio imekufa, sitakulaumu. Ukiiacha wazi, jina lako linakuja dakika ya kumi na tisa. Sikulitamka haraka.

Msalimie kaka, na mwenye viti mpe shukrani zangu. Nakushika miguu.

Ni mimi, binti yako.