Meko Ambayo Haikutoka kwa Kina Mama Mkwe

Bi Honorine mpendwa, nisaidie maana kichwa kimenivurugika na hata sijui nianzie wapi. Nyumba yetu hapa Angers ni mpya, kuta nyeupe na vioo kila upande, imepoa kama zahanati, basi mimi na mume wangu Tanguy tukaenda kwa muuza mabaki ya majumba ya kale tukanunua meko ya mawe ya kuotea moto, imechongwa matawi ya mizabibu, iling'olewa kwenye jumba lililobomolewa huko Lorraine, mbali kabisa na kwetu, na mafundi walipokuwa wakiishusha iliwaponyoka, jani moja likavunjika mbele ya macho yangu. Sasa baba mkwe, mzee Aubin, ambaye tangu mama mkwe Clotilde afariki alikuwa hali wala hasemi, alikuja kututembelea, akaiona, akalipapasa lile jani akasema, "Clotilde alilivunja hili kwa kigoda akiwa mtoto. Hii ni meko ya kwao." Nyumba ya kina mama mkwe ilibomolewa zamani na picha hakuna. Akaniuliza, "Uliipataje, binti yangu?" nami nikatabasamu tu, na tangu hapo anakuja kila siku, anawasha moto, anakula supu mpaka anafuta bakuli kwa mkate, anatusimulia uchumba wao, namsikiliza nikicheka huku nikimwongezea supu. Tanguy anasema nimwache mzee afurahi, napata hasara gani, lakini mzee amewaalika dada za marehemu, waliokulia nyumba ile, waje Jumapili waione, na wao watajua, au labda hawatajua, na kuna wakati hata mimi naitazama najiuliza kama kweli niliona jani likivunjika. Nimwambie au ninyamaze?

Perrine, Angers

Perrine, pole sana. Lakini macho yako ni mazima na unajua ulichokiona, kwa hiyo acha kujizungusha. Kununua mawe ya Lorraine si kosa. Kosa ni lile tabasamu, na kila siku unayonyamaza unalirudia. Mume wako anauliza unapata hasara gani? Hasara itampata baba yake Jumapili, shemeji zake watakapotazamana na kumwona mzee amechanganyikiwa, naye atambue kwamba nyinyi wawili mlijua mkamwacha. Unataka aaibike mezani kwako?

Kesho akija, mketishe kabla hajawasha moto. Wewe, si Tanguy, maana ni wewe uliyeulizwa. Mwambie: "Baba, meko hii imetoka Lorraine. Jani lilivunjika mbele yangu. Nilishindwa kukwambia kwa sababu ulikuwa umeanza kula." Ishia hapo. Akikasirika, vumilia, ana haki. Akitaka kuondoka, mpe koti lake, na siku ya pili mfuate kwake na supu.

Wageni waje kama walivyoalikwa, wamsimulie meko ya kwao ilikuwaje hasa, mzee aisikie kwa waliokulia pale. Halafu mwambie wazi kwamba anakaribishwa kwenu hata siku za joto, ambazo hakuna haja ya kuwasha moto.