Paladiamu Niliyoiona Chafu

Mjukuu wangu Maimuna,

Huku Koyama tu wazima. Bibi yako kaanza kutembea tena bila fimbo.

Waniuliza kwa nini kichocheo kitiwe sumu. Nami nilishtuka hivyo hivyo nikisoma kemia Mogadishu. Alkaini ambayo mnyororo wake wa kaboni niliurefusha kwa wiki mbili ilitakiwa ipokee haidrojeni kidogo tu, zile bondi tatu za kaboni zake ziwe mbili. Mwalimu akanipa kichocheo, paladiamu iliyotiwa madini ya risasi, ndiyo sumu yenyewe. Mimi mtoto wa fundi mashua, nimezoea kukwangua mbao hadi zing'ae ndipo nipake mafuta ya papa. Nikaona uchafu, nikatumia paladiamu safi.

Haidrojeni haikusimama kwenye mbili. Ikabaki bondi moja.

"Ile risasi ndiyo ingeisimamisha," mwalimu akasema polepole.

Hadi leo nikishika kikwanguo, mkono husita kwanza.

Babu yako