Piki ya Gédéon haikohoi tena

Mama Noella weye, uko hapo? Moyo unaniuma.

Unajua muzee wangu Kizito amesahau sura zetu wote, hata ya Gédéon, mutoto wake. Lakini piki ikikohoa kule kwenye kona, anasimama: "Gédéon amefika! Mufungue mulango!"

Sasa leo Gédéon amefunga eshapema mpya hapa uani, lile bomba la moshi la piki, inang'aa kama sahani. Ile nzee iliyotoboka ameipeleka kwa fundi wa kuchomea vyuma.

Amezunguka, amerudi. Piki inanguruma polepole. Muzee hakusimama.

"Baba, ni minye."

"Karibu, kijana. Unatafuta nani?"

Unatafuta nani, Mama Noella! Kwa mutoto wake!

Gédéon amekimbia kwa fundi kuomba ile nzee. Imeshakatwa, imekuwa mbabula ya kupikia.

Basi mwanaume muzima, na ndevu zake, amejificha nyuma ya mulango, anaiga ile piki kwa mudomo: po-po-pooo, po-po-pooo.

Muzee akacheka vizuri.

"Musikie ule mutoto anavyoiga piki ya Gédéon wangu! Gédéon akifika, mumuambie, atafurahi."